Booker T. Washington na Chuo Kilichotoka Nje ya Lango Lake

Anayepita katika barabara ya Lower Kabete, viungani mwa jiji la Nairobi, hulipita lango la chuo ambamo maafisa wa serikali hupelekwa kufunzwa kazi ya utawala. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba mahali hapo palianza kama chuo cha walimu. Kilifunguliwa mwaka wa 1925, kikaitwa Jeanes, na kikadumu na jina hilo hadi mwaka wa 1961 kilipogeuzwa kuwa taasisi ya utawala. Jina lenyewe si la Kikuyu, si la Kiswahili, wala si la gavana yeyote wa Kiingereza. Ni jina la ukoo la mwanamke mmoja tajiri wa Philadelphia, Marekani. Lilifikaje Kabete? Kulijibu swali hili hatuna budi kumfuata mtu aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, akafa akiwa mkuu wa chuo cha walimu kilichosifika kuliko vyote vya watu weusi duniani. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu tutaishia kushika chaki, na kwa sababu hiyo maisha ya Booker T. Washington yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Alizaliwa mwaka wa 1856 huko Hale's Ford, katika shamba la mkulima wa tumbaku aliyeitwa James Burroughs. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa watumwa. Baba yake alikuwa mzungu ambaye mtoto hakupata kumjua. Burroughs alipofariki mwaka wa 1861, mali yake iliorodheshwa kama desturi ilivyokuwa, na katika orodha hiyo kijana Booker alitiwa thamani ya dola 400. Watumwa walipoachwa huru mwaka wa 1865, Jane aliwachukua watoto wake, wakavuka milima hadi Malden, West Virginia, alikokuwa mumewe akifanya kazi katika matanuri ya chumvi. Booker naye akaingizwa humo humo. Kila mpakiaji alikuwa na nambari yake ya kutia kwenye mapipa, na ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Tarakimu hizo mbili ndizo maandishi ya kwanza kabisa aliyoyatambua maishani mwake.

Shule ilipofunguliwa kijijini, baba wa kambo hakukubali kuupoteza mshahara wa mtoto. Wakapatana: Booker angeamka kabla ya alfajiri afanye kazi hadi saa tatu asubuhi, aende shuleni, kisha arudi kazini jioni. Siku ya kuitwa majina alitambua kwamba wenzake wote walikuwa na majina mawili ilhali yeye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika, alijitwalia la pili papo hapo na kujiita Washington. Mtu aliyeweza kujipa jina mbele ya darasa zima bila kusita alikuwa tayari na sehemu kubwa ya tabia ambayo Wamarekani walikuja kuiona baadaye.

Mwaka wa 1872, akiwa na umri wa miaka 16, alifunga safari ya kwenda Hampton, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1868 na Jenerali Samuel Chapman Armstrong ili kuwafunza walimu weusi. Masafa yalikuwa kama kilomita 800, na fedha zilimwishia njiani. Mjini Richmond alilala chini ya njia ya mbao ya wapita kwa miguu, akawa mchana anapakua shehena za meli ili apate chakula. Alipofika Hampton alikuwa mchafu mno hivi kwamba mwalimu mkuu wa kike alisita kumpokea. Mwishowe alimpa ufagio na kumwamuru afagie chumba. Booker alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne. Mwalimu alikuja na kitambaa cheupe, akakipitisha kwenye mbao na viti, asione hata chembe. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa kuingia chuoni, na ndiyo maana hadi mwisho wa uhai wake hakuweza kuitenga elimu na ufagio.

Hampton ilimpa mambo mawili. La kwanza ni imani kwamba mwalimu anayekwenda kuishi mashambani ni lazima ajue kulima, kujenga na kufua, pamoja na kusoma na kuhesabu. La pili halikusemwa waziwazi sana. Armstrong aliamini kwamba watu weusi walistahili kukaa kando ya siasa kwa muda mrefu na kujijenga kwanza kwa kazi za mikono. Washington alimpenda Armstrong kama baba, na mwanafunzi anayempenda mwalimu wake hivyo huyabeba mema yake na mapungufu yake katika gunia moja.

Baada ya kufuzu mwaka wa 1875 alirudi Malden akafundisha watoto mchana na watu wazima usiku. Alisoma kwa muda katika seminari ya Wayland, kisha akaitwa tena Hampton kufundisha. Ilipofika mwaka wa 1881, watu wa mji mdogo wa Tuskegee, Alabama, walimwandikia Armstrong kuomba mkuu wa chuo. Bunge la jimbo lilikuwa limetenga dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya chuo cha walimu weusi. Waliofanikisha jambo hilo ni Lewis Adams, fundi wa mabati aliyekuwa mtumwa, na George Campbell, mfanyabiashara mzungu aliyewahi kumiliki watumwa. Walitarajia kuletewa mzungu. Armstrong akamtuma Washington, kijana wa miaka 25.

Alipofika alikuta fedha za mishahara lakini hakukuta chuo. Hapakuwa na ardhi wala jengo, na hakuna dola hata moja ya kuvinunulia. Hatua yake ya kwanza inafaa kusomwa na kila mkufunzi wa ualimu: kabla ya kuandika ratiba ya somo lolote, alizunguka vijijini kwa muda wa mwezi mmoja juu ya gari la kukokotwa na nyumbu, akala na kulala katika nyumba za wakulima. Aliyoyaona ni nyumba za chumba kimoja ambamo familia nzima ililala pamoja na wageni. Chakula kilikuwa nyama ya nguruwe yenye mafuta na mkate wa mahindi, kwa sababu pamba ilipandwa hadi mlangoni pasibaki hata tuta la mboga. Wakulima waliishi kwa kukopa: waliiweka rehani pamba ambayo haijaota, na mavuno yalipofika deni liliyameza yote. Katika nyumba moja alikuta watu wazima wakitumia uma mmoja mezani, ilhali pembeni kulikuwa na kinanda cha dola 60 kilicholipiwa kwa awamu. Shule nazo zilifunguliwa miezi michache tu kwa mwaka, katika makanisa au vibanda, na walimu wengi hawakuwa na mafunzo yoyote.

Kati ya yote aliyoyasimulia kuhusu ziara hiyo, lipo moja linalonikera kila nilisomapo. Alimwona kijana aliyeketi katika kibanda kichafu, magugu yakiwa yameifunika bustani, akijifunza sarufi ya Kifaransa. Washington aliitaja picha hiyo kama kielelezo cha huzuni kuu: elimu isiyogusa maisha. Hoja yake inaeleweka. Hata hivyo sisi ni wanafunzi wa lugha, na hatuna budi kuuliza kwa nini umaskini wa kijana umfanye asistahili sarufi. Mwanazuoni W. E. B. Du Bois aliliona tatizo hilo hilo, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1903 alilitaja anapompinga Washington. Magugu yangeng'olewa na sarufi ikasomwa, yote mawili siku ile ile.

Chuo kilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881 katika kibanda kilichokuwa kando ya kanisa la weusi, wanafunzi wakiwa 30. Wengi wao walikuwa tayari ni walimu wa shule za umma, na baadhi walimzidi mkuu wao kwa umri. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alisimama na mwavuli juu ya kichwa cha Washington ili aendelee kuyasikiliza masomo ya wenzake. Muda si muda akajiunga naye Olivia Davidson, mwalimu hodari aliyekuja kuwa mke wake wa pili, na ambaye juhudi zake za kuchangisha fedha hazipewi uzito unaostahili katika simulizi nyingi. Walinunua shamba lililotelekezwa kwa dola 500, nusu ya kwanza ikiwa ni mkopo kutoka kwa mweka hazina wa Hampton. Banda la kuku likawa darasa.

Kisha wakaanza kufyatua matofali. Wanafunzi hawakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Waliokuwa walimu hasa waliona kwamba wamekuja kuukimbia udongo, si kuukanyaga hadi magotini. Tanuri la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, la tatu nalo likaanguka likiwa karibu kuiva. Fedha zikaisha. Washington alikwenda Montgomery akaiweka rehani saa yake kwa dola 15, akachoma tanuri la nne, nalo likafaulu. Saa hakuikomboa kamwe. Lakini wazungu wa mji, ambao hawakutaka kusikia habari za weusi wanaosoma, walianza kuja chuoni kununua matofali kwa kuwa yalikuwa mazuri. Washington alijifunza hapo kwamba kitu bora chaweza kuvunja uadui mahali ambapo hoja imeshindwa. Lilikuwa funzo la kweli, ingawa alikuja kulitegemea kupita kiasi.

Vyuo vingi vya ualimu huishia hapa: jengo limesimama, wanafunzi wamefuzu, cheti kimetolewa. Tuskegee ilitofautiana navyo kwa kuwa haikuwangoja watu waje. Februari 1892 Washington aliwaalika wakulima wa jirani kwenye mkutano wa siku moja. Alitarajia watu 75 hivi. Wakaja takriban 400. Hakuwahutubia sana. Aliwataka waeleze wenyewe hali zao: ni nani anamiliki ardhi, ni nani ana deni, shule ya kijiji chao hufunguliwa miezi mingapi. Mkutano huo ukawa wa kila mwaka, na mkulima aliyefanikiwa kununua ekari chache alisimama akawafundisha wengine, profesa akiwa ameketi anasikiliza. Mke wake wa tatu, Margaret Murray Washington, aliwakusanya akina mama mjini Tuskegee siku za Jumamosi, walipokuja sokoni, wakazungumza kuhusu malezi, usafi na matumizi ya fedha. Mswaki, uliokuwa sharti kwa kila mwanafunzi chuoni, ukaingia vijijini kwa njia hiyo.

Mwaka wa 1896 aliajiriwa mtaalamu wa kilimo George Washington Carver. Yeye aliwahimiza wakulima wapande kunde, viazi vitamu na njugu karanga ili kuirutubisha ardhi iliyochoshwa na pamba, akawaandikia vijitabu kwa lugha nyepesi. Lakini mkulima asiyejua kusoma afanye nini na kijitabu? Mwaka wa 1906 chuo kilitengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, likapakiwa plau, mbegu na vyombo vya kutengenezea siagi, likapelekwa hadi mashambani. Liliitwa kwa jina la Morris Jesup, mfadhili wa New York. Aliyelisimamia ni Thomas Campbell, mhitimu wa Tuskegee, ambaye mwaka huo huo aliajiriwa na serikali ya Marekani kama afisa wa kilimo wa nyanjani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata kazi hiyo. Shule ya magurudumu ilisimama katika shamba la mtu mmoja, majirani wakaitwa, na somo likatolewa kwa jembe.

Hapa ndipo linapoingia lile jina la Kabete. Anna Jeanes alikuwa mfuasi wa dhehebu la Quaker. Mwaka wa 1907, muda mfupi kabla ya kufariki, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za weusi vijijini, na Washington alikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa wajibu wa kuzisimamia. Mwaka wa 1908, katika wilaya ya Henrico, Virginia, mwalimu Virginia Randolph akawa wa kwanza kulipwa kutokana na mfuko huo. Kazi yake haikuwa ya darasa moja. Alizungukia shule zote za weusi wilayani, akawaelekeza walimu wenzake, akawafunza watoto kusuka na kushona, akawakusanya wazazi kupaka chokaa kuta na kuchanga fedha. Wanawake wengi walimfuata katika kazi hiyo majimboni kote kusini, nao wakajulikana kama walimu wa Jeanes.

Mpango wa mwisho ulikuwa mkubwa kuliko yote. Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, alijiunga na bodi ya Tuskegee mwaka wa 1912 na kutoa dola 25,000. Washington alimwomba ruhusa ya kutumia kiasi kilichobaki kujenga shule sita za majaribio huko Alabama. Sharti lilikuwa kwamba wanakijiji wachangie, kwa fedha, mbao au nguvu zao. Ramani za majengo zilichorwa Tuskegee, nazo zilieleza hata upande ambao madirisha yangeelekezwa ili mtoto asivunje macho kwa giza. Kufikia mwaka wa 1932, shule 4,977 zilikuwa zimejengwa katika majimbo 15.

Tukisimama hapa tutakuwa tumeandika sifa, si maisha. Tarehe 18 Septemba 1895, mjini Atlanta, Washington alikuwa ameuhutubia umati wa wazungu na weusi, akaashiria kwamba weusi wangekubali kutengwa katika maisha ya kijamii na kuacha kudai haki za kisiasa kwa wakati huo, mradi wapewe kazi na elimu ya ufundi. Wazungu walimshangilia kwa kishindo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha ubaguzi kisheria. Mwaka wa 1901 katiba mpya ya Alabama iliwanyang'anya weusi karibu wote kura. Kwa hiyo mkulima aliyefunzwa na Tuskegee kulipa deni na kununua shamba hakuwa na sauti juu ya kodi ya shamba hilo, wala juu ya mgao wa fedha za shule aliyoijenga kwa mikono yake. Du Bois alilisema hili kwa ukali, na alisema kweli.

Yaliyofichika yalikuja kubainika baadaye kutokana na barua zake. Mtu yuleyule aliyewatuliza wazungu hadharani alikuwa akiwalipa mawakili kwa siri, kwa kutumia majina ya mafumbo, ili waishtaki katiba hiyo ya Alabama. Kesi ya Jackson Giles ilishindwa mahakamani mwaka wa 1903, na hakuna aliyejua fedha zilitoka wapi. Je, huo ni unafiki au ni hekima ya mtu aliyeishi katika nchi ambamo weusi waliuawa na makundi ya watu bila kesi? Mimi huona kwamba alijua vyema bei ya ukimya wake, na aliilipa ili lango la chuo lisifungwe. Tatizo ni kwamba wapo wengine walioununua ukimya huo kwa bei rahisi.

Wajerumani walikuwa wa kwanza. Mwaka wa 1901 walipata walimu na wahitimu wa Tuskegee kwenda Togo kuwafundisha wenyeji kilimo cha pamba, na mradi huo ukageuka kuwa wa shuruti kwa wakulima. Washington mwenyewe hakufika Afrika. Mwanzoni mwa Novemba 1915 aliugua akiwa New York, madaktari wakamweleza kwamba siku zake zimekwisha. Alisisitiza arudishwe nyumbani kwa gari moshi. Alifika usiku, akafariki alfajiri ya tarehe 14 Novemba, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa ndani ya uwanja wa chuo, katikati ya majengo yaliyokaribia mia moja, mengi yakiwa yamejengwa na wanafunzi wenyewe.

Miaka tisa baadaye, yaani 1924, tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast. Tume ilipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifuate nyayo za Hampton na Tuskegee, na mwaka uliofuata, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie, Kabete ikafunguliwa. Walimu walikuja na wake zao, wakafunzwa ualimu, kilimo, afya na ujenzi wa nyumba bora, kisha wakarudi kuzizungukia shule za vijiji kama alivyofanya Virginia Randolph. Si haki kuibeza kazi hiyo. Vyoo vilichimbwa na walimu waliokuwa pweke walipata mwenzao wa kuwashauri. Lakini walowezi na serikali walipendezwa na jambo jingine katika mfumo huo, nalo ni kwamba ulimpa Mwafrika plau na kumcheleweshea kitabu. Wazazi wengi walilitambua hilo upesi. Katika shule huru zilizoenea nchi ya Wakikuyu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, madai yalikuwa elimu kamili ya kusoma na kuandika, pamoja na Kiingereza.

Katika miaka hiyo hiyo, kijana mmoja kutoka Kiambu, Peter Mbiyu Koinange, alivuka bahari akasoma Hampton, chuo kile kile ambamo Washington alikifagia chumba mara tatu. Kutoka hapo alisonga mbele hadi kupata shahada katika vyuo vikuu. Alirejea nchini mwaka wa 1938, na mwaka uliofuata Chuo cha Walimu cha Waafrika wa Kenya kikafunguliwa Githunguri kwa michango ya wananchi, rika kwa rika, ili kuzipatia shule huru walimu. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka wa 1952. Chuo cha Kabete kilikuwa kingali wazi.